Teddy Kalanda na Wagumu wa Elerai

Kuna wimbo mmoja ambao Arusha hauhitaji redio ili usikike. Huimbwa lango la Machame, huimbwa Momella, huimbwa kwenye maegesho ya hoteli mizigo inaposhushwa kutoka magari ya safari. Huimbwa tena siku ya mwisho ya kupanda mlima, bahasha za bakshishi zikiwa bado mikononi mwa wageni. Watoto wa chekechea wa mtaani kwetu Elerai huujua kabla hawajajua kuandika majina yao. Ni "Jambo Bwana". Lakini ukiwauliza wanaouimba nani aliutunga, wengi watakutazama kwa mshangao. Wameuzoea kama nyimbo za kubembelezea watoto, zile ambazo kila bibi anazo na hakuna bibi aliyezitunga. Hawajawahi kufikiri kwamba palikuwa na mtu mmoja, mwenye jina na gitaa, aliyekaa chini akaupanga neno kwa neno.

Mtu huyo aliitwa Teddy Kalanda Harrison. Alikuwa mwana wa pwani ya Kenya. Yeye na ndugu zake, Billy Sarro, George Zirro, Dennis Kalume na John Katana, walianza kupiga muziki pamoja Mombasa mwaka 1969, na bendi yao ikaja kujulikana kwa jina la Them Mushrooms. Walipiga chakacha, walipiga rege, walipiga rumba, na kwa miaka mingi riziki yao ilitoka kwenye kumbi za hoteli za ufukweni. "Jambo Bwana" ilitoka kwenye santuri mwaka 1982. Iliuza nakala zaidi ya 200,000, idadi ambayo kwa soko la Afrika Mashariki la wakati ule ilikuwa ya kutisha, na bendi ikapewa santuri ya platinamu. Baadaye walihamia Nairobi, wakashirikiana na wakongwe kama Fundi Konde na Fadhili William, wakarekodi na Malika wa taarabu, na vizazi vipya vikawajua kwa jina la Uyoga. Kalanda alifariki mwaka 2024. Arusha, mji unaoishi kwa utalii, sikuona bendera wala kusikia tarumbeta. Kesho yake wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, waliuimba wimbo wake langoni kama kawaida.

Nataka kukaa kwanza kwenye kazi ya mwanamuziki wa hoteli, kwa sababu ndiyo iliyozaa wimbo huu, na kwa sababu hata wanamuziki wenyewe huidharau. Mtunzi wa bendi ya dansi wa zama hizo alikuwa na hadhira iliyokuwa yake. Muhiddin Maalim Gurumo, alipokuwa NUTA Jazz na baadaye Mlimani Park, alitunga kwa watu waliojua kila neno analotamka na kila neno alilolinyamazia. Angeweza kuweka fumbo kwenye ubeti wa pili, na wiki nzima Kariakoo wakabishana nani anasemwa. Msikilizaji alirudi Jumamosi, akaomba wimbo uleule, akaukuta umeongezwa kipande. Mtunzi na msikilizaji walikua pamoja.

Hotelini hakuna hayo. Hadhira hubadilika kila baada ya wiki moja au mbili, ndege ya kukodi inaposhusha kundi na kubeba jingine. Aliyeketi mbele yako jana alikuwa Frankfurt au Zurich. Amechoka na jua, anakula, anaongea na mkewe, hajui lugha yako na wala hakuja kukusikiliza wewe. Una dakika tatu. Fumbo halifai hapo, methali haifai, hata hadithi ya mapenzi haifai, maana atakayeielewa ni mhudumu wa meza peke yake. Bendi nyingi zilitatua tatizo hilo kwa kupiga nyimbo za wageni wenyewe, zile wanazozijua kutoka makwao. Ni suluhisho la halali, na limelisha familia nyingi.

Kalanda alichukua njia nyingine. Ninavyouona wimbo wake, ulianza na swali ambalo watunzi wachache hujiuliza: huyu mtu aliyekaa mbele yangu tayari anaweza kusema nini kwa lugha yangu? Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote aliyefanya kazi hotelini. Mgeni akishinda siku moja tu pwani huwa ameshaokota maneno matano au sita: ya kuamkia, ya kuitikia, na lile la kuambiwa asiwe na wasiwasi. Akachukua maneno hayohayo. Hakuongeza la saba mpaka alipohakikisha yale sita yamekaa mdomoni. Kila sentensi ina urefu wa pumzi moja. Sauti haipandi mahali ambapo koo lisilozoea kuimba litakwama. Na kwa kuwa maneno yetu huishia kwenye irabu, mgeni anaweza kuishikilia noti hata kama hajui anachokisema. Kufikia mzunguko wa pili, mtu ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa akikata samaki kwenye sahani amekuwa mwimbaji.

Huo ni ufundi, tena ufundi mkubwa. Mtu akitunga wimbo mgumu tunampigia makofi kwa ugumu wake. Anayetunga wimbo ambao kila mtu anauweza tunadhani hakufanya kitu.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, ambalo naamini ndilo lililoufanya wimbo udumu. Usikilize kwa sikio la mtu aliyelelewa hapa. Unaanza na salamu, unauliza hali, unapokea jibu, unakaribisha, unaondoa wasiwasi. Huo ni mfuatano kamili wa maamkizi ya kwetu, bila kuruka hatua. Mtu akifika nyumbani kwako Elerai hamwendi moja kwa moja kwenye kilichomleta. Mtaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mvua, ndipo baadaye aseme shida yake. Kalanda alitunga maamkizi matupu. Shida haifiki. Wimbo unaisha tukiwa bado tunakaribishana, na hapo hapo unaanza upya. Sijui wimbo mwingine wowote uliofanikiwa duniani kwa kukaa mlangoni namna hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kwa kuwa shida haijasemwa, kila anayeuimba ana nafasi ya kuingiza ya kwake.

Nafahamu wimbo huu unavyosemwa. Walimu wa Kiswahili wanaukunjia uso: hakuna jirani anayemwamkia jirani yake hivyo, na mtu akisema maneno hayo sokoni Kilombero wenye genge watajua mara moja kwamba ni mgeni au anaigiza mgeni. Wasomi wengine wanasema umetufanya wote tuonekane watu wa kutabasamu tu, watu wasio na hasira wala historia. Lawama hii ya pili ina uzito, na sitaki kuipuuza. Mwongozaji wa watalii akiwa na msiba nyumbani bado huimba kwamba mambo ni shwari, kwa sababu ndiyo kazi. Hata hivyo sioni haki ya kumtwisha mtunzi mzigo huo. Aliandika salamu ya mwenyeji kwa mgeni. Tulioigeuza kuwa sare ya kazi ni sisi na biashara yetu, na sare huvaliwa hata siku ambayo mwili hautaki.

Kinachonivutia zaidi ni safari ya wimbo wenyewe hadi huku. Ulipotoka mwaka 1982, mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na magari ya watalii yaliyokuwa yakitoka Nairobi kuja Serengeti na Ngorongoro yakakatika. Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa 1983, baada ya viongozi wa nchi tatu kukubaliana hapa hapa Arusha jinsi ya kugawana mali za Jumuiya iliyokufa. Kwa hiyo wimbo maarufu kuliko wote wa kukaribisha wageni Afrika Mashariki ulizaliwa katika mwaka ambao majirani wawili hawakuwa wakikaribishana. Kalanda aliitaja Kenya katika mistari ya kukaribisha, kama ilivyostahili. Siku hizi, upande huu wa Namanga, pale alipoitaja nchi yake wagumu huweka Tanzania, au Kilimanjaro, na hakuna mgeni anayegundua kwamba kiungo kimebadilishwa.

Kabla mpaka haujafungwa, watunzi walikuwa wameuvuka kuelekea upande wa pili. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walikuwa vijana wa Tanga waliojiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaungana na ndugu yao William wakaanzisha Arusha Jazz. Mji huu ulikuwa nao mkononi. Mwaka uliofuata walivuka kwenda Mombasa, wakajiita Simba Wanyika, na kuanzia 1975 wakaweka makao Nairobi, kwenye studio na kampuni za santuri. Kutoka kwenye shina hilo likatoka tawi la Les Wanyika mwaka 1978, na wimbo wa "Sina Makosa" ambao hadi leo ukipigwa kwenye baa yoyote kati ya Kijenge na Sakina utawaona wazee wakiinuka bila kuitwa. Tulikuwa na watunzi wa kiwango kile kwa muda mfupi tu, wakaondoka kwa sababu hapakuwa na mahali pa kurekodia wala pa kuuzia. Nafikiri hilo linatosha kueleza kwa nini wimbo tunaoishi nao ulitungwa Mombasa. Watunzi tulikuwa nao. Mashine hatukuwa nazo.

Santuri ya Kalanda ilipotoka, haikuchukua muda wengine wakaufuata wimbo. Mwaka 1983 Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, walitoa toleo lao. Mombasa Roots wakatoa lao. Safari Sound Band wakatoa lao pia, na kwa sababu kaseti na diski zao zilikuwa kwenye maduka ya hoteli na viwanja vya ndege, watalii wengi walirudi kwao wakiamini ndio wenye wimbo. Ni kundi hilohilo la Boney M lililokuwa limeimba "Malaika" miaka miwili kabla, na tukitaja "Malaika" tunaingia kwenye jeraha la zamani. Fadhili William aliurekodi na kuutambulisha, Miriam Makeba akaufikisha duniani, na mpaka leo wapo wanaosema kwamba mtunzi ni Mtanzania Adam Salim, na wengine wanamtaja mtu mwingine. Wote wameshafariki na mjadala umebaki. Wimbo wa Kalanda haukupata bahati mbaya ya namna hiyo: utunzi wake haujawahi kugombaniwa kwa uzito. Ulipatwa na jambo la kimyakimya zaidi. Jina halikuibwa na mtu yeyote. Liliachwa tu njiani, toleo baada ya toleo, kaseti baada ya kaseti, mpaka wimbo ukafika mlimani peke yake.

Kisha yakaja ya Disney. Filamu ya The Lion King ilitoka mwaka 1994, na ndani yake kuna wimbo mwingine kabisa, wa Elton John na Tim Rice, uliobeba maneno yale mawili ya kuondoa wasiwasi, "hakuna matata". Mwaka huohuo kampuni iliomba maneno hayo yasajiliwe Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Habari hiyo ilipoenea mwaka 2018 watu wengi mno duniani walitia saini ombi la kupinga. Nilifurahi kuona hasira ile, na bado naiona ni ya haki. Lakini katika kelele zote nilizozisoma na kuzisikia, mtu aliyeyabeba maneno hayo kwenye muziki na kuyapeleka masikioni mwa dunia miaka kumi na miwili kabla ya filamu alitajwa kwa nadra sana. Tuliitetea lugha, tukamsahau mtunzi aliyekuwa hai wakati ule, ambaye angeweza kupigiwa simu.

Huwa nafikiria jinsi Wajapani walivyowatendea watunzi wao. Mwaka 1961 kijana anayeitwa Kyu Sakamoto aliimba wimbo uliotungwa na watu wawili: muziki wa Hachidai Nakamura, maneno ya Rokusuke Ei. Ei aliandika akiwa na uchungu wa kushindwa kwa maandamano dhidi ya mkataba wa kijeshi kati ya Japani na Marekani, ingawa anayeusikiliza bila kujua hilo ataona ni huzuni ya mtu anayetembea usiku peke yake. Wimbo ulipofika Ulaya wauzaji waliona jina lake ni gumu, wakaupa jina la chakula, "Sukiyaki". Mwaka 1963 ukashika namba moja Marekani ukiwa kwa Kijapani kitupu. Dunia nzima iliuita kwa jina la mchuzi wa nyama.

Nyumbani Japani, hata hivyo, kila rekodi huchapisha kando jina la aliyeandika maneno na jina la aliyetunga muziki. Wapo Wajapani waliojenga maisha yao yote kwa kuwatungia wengine, hawajawahi kusimama jukwaani, na bado mtu wa kawaida anajua majina yao na kuwatambua kwa mitindo yao. Nakamura na Ei walibaki kuwa Nakamura na Ei. Ulaya iliwabadilishia jina la wimbo, lakini kulikuwa na nyumba ambamo majina yao yalihifadhiwa, na humo ndimo wanamotafutwa hadi leo.

Sisi pia tuliwahi kuwa na nyumba kama hiyo, na sipendi tusahau. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipokuwa ikipiga nyimbo za bendi, watangazaji walikuwa na desturi ya kutaja bendi, kisha mtunzi, na mara nyingi mpiga solo. Mtoto wa Arusha aliyekuwa hajawahi kuiona Dar es Salaam alijua kwamba wimbo fulani ni utunzi wa Gurumo na fulani ni wa Hassan Rehani Bitchuka. Mirabaha ilikuwa kidogo au haikuwepo, na wengi walizeeka maskini. Sisemi kwamba jina lilitosha. Lakini jina lilikuwepo. Leo simu inakupa jina la mwimbaji, picha yake na mavazi yake, na anayetaka kumjua mtunzi lazima apekue mpaka achoke.

Sheria ipo. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na ofisi ya COSOTA. Kenya ina yake ya 2001. Pande zote mbili kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, ambayo kwa Kalanda ina maana ya mwisho wa mwaka 2074. Hoteli inayoupiga kwenye spika na kampuni inayouweka kwenye tangazo zinapaswa kulipa. Mgumu anayeuimba akiwa na begi kichwani simhesabu humo.

Kwa hao wagumu, acha nieleze kinachotokea, maana walioandika kuhusu wimbo huu hawakuwaona. Elerai ina vijana wengi wa kazi hiyo, pamoja na wapishi wa mlimani na madereva. Mgumu hupimiwa mzigo langoni kwenye mizani, kilo 20 kwa kanuni, mbali na vitu vyake mwenyewe. Huanza kutembea baada ya wageni na kufika kambini kabla yao, ili wakute hema limesimama na chai iko moto. Wimbo huimbwa wageni wanapoingia kambini, wakiwa wamechoka na vichwa vinauma kwa ajili ya urefu. Mmoja huongoza, wengine hupokea. Wengi wao wamekulia kwenye kwaya za makanisa ya huku, hivyo sauti hujigawa zenyewe: teno, besi, na kijana mmoja mwenye sauti nyembamba anayepanda juu ya wote. Ndoo ikigeuzwa huwa ngoma. Kile kilichotungwa kwa magitaa na dramu za hotelini kinakuwa kwaya ya futi elfu kumi na mbili, na nathubutu kusema kwamba kimeongezeka uzuri. Hapo pia pana ukweli wa "mgeni njoo, mwenyeji apone": nyimbo zikiwa nzuri, bahasha ya mwisho huwa nene, na kodi ya chumba hulipwa.

Katika maamkizi yale aliyoyaacha Kalanda, wagumu wameingiza mambo yao. Wameingiza jina la mlima na sifa ya urefu wake. Wameingiza majina ya kambi, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa njia, ili mgeni ajue alipotoka na kinachomsubiri. Wameingiza ushauri wa kutembea taratibu na kunywa maji mengi, ambao daktari angeutoa kwa sura kavu na usishikike. Vipande hivyo vilitungwa na watu halisi pia, mmoja kambi ya Barafu, mwingine ya Shira, mwingine jikoni akimenya viazi, na hakuna rekodi iliyowataja. Hapo huwa nasita. Nadai jina la Kalanda litajwe, na nikidai hivyo kwa haki lazima nikubali kwamba nyuma yake wamejipanga watunzi ambao mimi mwenyewe siwezi kuwataja hata mmoja, ingawa baadhi yao nakutana nao dukani nikinunua mkate.

Jirani yangu mmoja ni wa kundi hilo. Nilipomweleza habari za Mombasa, za ndugu watano na santuri ya 1982, alisikiliza kwa makini ya mtu anayesikia habari za ukoo wake. Aliuliza kama mzee alikuwa akipiga gitaa la solo au la kati. Aliuliza kama alikuwa amewahi kupanda mlima. Kisha akataka kuusikia ule wa mwanzo wenyewe, nikamtafutia kwenye simu. Aliupiga mara kadhaa bila kusema kitu, akaniambia kwamba wao mlimani wanauimba haraka mno. Mwenyewe aliuweka taratibu zaidi, na kiitikio kinapata nafasi ya kupumua. Alisema atalijaribu hilo na wenzake, kwa kuwa kundi lililochoka haliwezi kupokea wimbo wa mbio.

Tangu hapo anahangaika na jambo jingine. Kilimanjaro ina beti za kutosha, kila njia na zake. Meru, mlima anaouona akifungua mlango wake asubuhi, una mita 4,562 na beti chache sana, na anaona si haki. Huko wageni hutembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, jambo ambalo wimbo wa kuondoa wasiwasi haujui pa kuliweka. Kibanda cha kwanza anakipenda: Miriakamba, jina linaloteleza vizuri kwenye sauti ya Kalanda bila kukatwa. Kibanda cha pili ndicho kinachomsumbua, kwa kuwa kinaitwa Saddle Hut, jina linalogoma kuingia kwenye mstari hata akilivuta. Juzi alinipigia simu kutoka kwenye gari akielekea Momella na kundi la watu wanane. Aliniimbia kipande kipya alichokitengeneza njiani, akaniuliza kama namsikia vizuri pale anaposhuka. Nilimwambia ashushe nusu tu, amalizie juu kidogo, kama alivyofanya mwenye wimbo.